Maudhi Namba Arobaini na Moja

Usiku ule nililala mapema, kwa hasira. Jioni Tekla alikuwa amenipigia mara ya nne kuniuliza lini nitarudisha daftari la kaka yake ili mchezo uendelee Jumamosi, nami nikamjibu kwa mkato kwamba nina kazi nyingi, nikakata simu. Kazi gani? Nauza dawa, nafunga duka saa kumi na mbili, narudi nyumbani kukaa peke yangu. Daftari lenyewe nilikuwa nimelificha kabatini chini ya mashuka, na sikutaka mtu yeyote alifungue.

Kaka yake Tekla aliitwa Deo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, rafiki yangu kuliko wote, na ndiye aliyetufundisha mchezo huo. Tulikuwa tunakaa mezani watu wanne, mimi, yeye, Tekla na Festo. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza nchi ya kubuni yenye mapango na majoka. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika afanye nini, na dadu zinaamua kama ameweza. Katika nchi ya Deo uchawi ulikuwa mkorofi. Mchawi anarusha dadu, na ikitua kwenye moja basi ameharibu, anarusha nyingine mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, kupata namba, na msimulizi anafungua daftari kusoma kilichompata. Deo aliandika mambo mia moja kwa mkono wake. Aliyaita Maudhi, neno alilolichukua kwangu, maana ndivyo tunavyowaambia wateja: dawa hii inaweza kukuletea maudhi madogo madogo. Namba sita, ndevu zako zinanuka samaki wa kukaanga kwa siku tatu. Namba kumi na tisa, kila ukisema kweli unapiga chafya. Mengi yalikuwa ya kuchekesha, lakini si yote.

Basi nikalala, na nikajikuta darasani kwake. Dirisha limefunguliwa, vumbi la chaki linaelea kwenye jua. Deo alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mwalimu, mnene kama alivyokuwa kabla figo hazijamwangusha, mikono ya shati imekunjwa. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba kipindi kimeanza na mimi nimechelewa. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Tekla alikuwa kwenye dawati la mbele na sare ya shule, mtu mzima mwenye miaka ishirini na sita, na hakuna aliyeona ajabu.

Deo akarusha dadu bila kuniangalia. Moja. Akarusha mbili nyingine. Nne, na moja.

Nikafungua ukurasa. Arobaini na moja. Namba hiyo nilikuwa naijua.

Mara ya mwisho tulicheza chumbani kwake, kwa mama yake. Alikuwa hawezi tena kukaa mezani. Akanipa daftari, akasema leo uwe wewe msimulizi, mimi nataka kuwa mchawi, sijawahi kuwa mchawi hata siku moja. Tukamwekea sinia kitandani arushie dadu. Saa nzima alicheza vizuri, akacheka, akamtania Festo. Kisha ikatoka moja, na baada yake nne na moja. Nikasoma kimoyomoyo: Uchawi unamrudia mwenyewe. Anageuka majivu. Hakuna dawa. Nikaangalia miguu yake iliyovimba juu ya shuka. Nikafanya ninachofanya dukani kila siku mgonjwa akiniuliza swali gumu. Nikatabasamu, nikasoma namba sita, ya ndevu na samaki.

Festo alicheka sana. Deo hakucheka. Yale mambo mia moja aliyaandika yeye, aliyajua kama alivyojua jedwali la kuzidisha, na dadu zilikuwa pale pale kwenye sinia mbele ya macho yake. Aliniangalia kidogo tu. Kisha akakusanya dadu, akasema amechoka. Siku ya tano tukamzika.

Kule darasani naye ananiangalia vile vile. Nami, Mungu anisamehe, nasoma namba sita. Darasa zima linanuka samaki. Tekla anafunika pua kwa kola ya sare.

Deo anarusha tena. Nne na moja. Nasoma namba kumi na tisa, kisha nasubiri chafya. Haiji. Naongea maneno mengi, naeleza, nafafanua, na pua yangu imetulia kabisa.

Anarusha tena. Sasa si darasani, ni dukani kwangu, yeye yuko upande wa wateja na dadu zinabingirika juu ya kioo cha kaunta. Nne na moja. Nageuza kurasa haraka, nasoma lolote lililo mbele yangu, namba themanini na nane: sauti ya mchawi inapotea.

Ndipo nikaona midomo yake inacheza bila kutoa chochote. Anasema kitu kirefu, kwa utaratibu, jinsi alivyokuwa akiongea na mwanafunzi anayeelekea kushindwa. Sisikii hata neno. Namkabidhi bahasha ya vidonge, namwambia kutwa mara tatu baada ya kula. Anaisukuma kando. Anazidi kusema, mishipa ya shingo imemtoka, na mimi nazidi kumwelekeza, usinywe na maziwa, maliza dozi. Nilikuwa natamani anyamaze na alikuwa amekwisha kunyamaza. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa macho.

Akashika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa kawaida, wa moto, na tulikuwa chumbani kwake, na sinia lilikuwa kitandani. Akaweka kidole changu kwenye mstari, akangoja.

Nikasoma. Uchawi unamrudia mwenyewe. Anageuka majivu. Hakuna dawa.

Nikapiga chafya kubwa ya aibu, na Deo akacheka. Kicheko kilikuwa na sauti.

“Asha,” akasema, “nilikuwa na maneno.”

Nikaelewa papo hapo, na laiti nisingeelewa. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Mhusika wa mtu akifa, mwenyewe anapewa nafasi ya maneno ya mwisho. Wote tunasimama, Festo anageuza simu kifudifudi, na hata kama maneno ni marefu hakuna anayemkatiza. Deo ndiye aliyeuleta utaratibu huo.

“Unadhani niliomba kuwa mchawi kwa nini?” akauliza. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. “Kwa mdomo wangu nisingeweza kuwaambia, mngelia. Kwa mdomo wa mchawi anayekufa ningeweza. Mwambie Tekla nilikuwa na maneno.”

Nikasimama. Tekla naye anasimama, sasa hana sare, ana kanga aliyovaa msibani. Deo anajiinua kwenye mto. Anafuta midomo kwa kiganja, anamtazama dada yake, anavuta pumzi.

Nikaamka. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda changu, mikono imenyooka, na dirishani kulikuwa kumekucha.

Sikufungua duka asubuhi ile. Nilitoa daftari kabatini, nikaenda kwao. Tekla alikuwa uani anafua. Nilimweleza yote nikiwa wima, kwanza uongo wa siku ile, kisha ndoto, nikitegemea atanifukuza. Aliendelea kusugua shati moja kwa muda mrefu.

“Dadu niliziona, dada Asha,” akasema mwishowe. “Nilikuwa nimekaa upande wa kichwa chake. Nilikuwa naomba moyoni usome kitu kingine, na uliposoma ile ya samaki nikashukuru.”

Nikakaa chini kwenye saruji yenye maji. Miezi yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyemzuia.

Tekla akakausha mikono kwenye kanga. Akaniuliza kwa sauti ndogo Deo alisema nini alipovuta ile pumzi. Nikamwambia kwamba niliamka kabla ya neno la kwanza, na hapo ndipo nilipomwona akilia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka yake.