Kisu Kilipokwaruza

Habari ya kifo chake niliipata bandarini, kwa mama anayeuza samaki. "Papa wa barafu amekufa," akaniambia, nami sikujua anamsema baba yupi. Ndipo akaeleza: yule mzee wa maabara ya hospitali aliyekuja mbio kununua barafu kwake kila umeme ulipokatika. Miaka yote mama huyu aliamini anapoza bia.

Bia wapi! Alipoza nta. Kipande cha nyama ya mgonjwa huzamishwa ndani ya nta, ikaganda, kisha hukatwa kwa mikrotomu, mashine ya kuzungusha kwa mkono yenye kisu kikali ajabu. Nta ikilegea, nyama hukunjamana. Siku moja udadisi ulinipeleka kumtazama. Utepe mwembamba ulitoka, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu, akauopoa kwa kioo huku amebana pumzi. Nikamuuliza huwa anaona nini kwenye darubini. Akacheka: "Kuangalia ni kazi ya docteur. Mimi iko mutu wa kukata." Nakiri, nilimdharau kidogo.

Baadaye dada yangu akapata uvimbe kwenye titi. Mzee akakata kipande chake; daktari alitazama vioo, akaandika kwamba hakuna ubaya. Nilipokwenda kuchukua majibu, mzee aliyazuia mezani kwa kiganja.

"Bon, ngoja kwanza. Vile namaliza kukata, kisu ilikwaruza. Iko kitu nguvu kama jiwe kule chini. Sijafika."

"Papa, docteur ameshaandika!"

"Aliandika ya ile nilimupa."

Nilikasirika, nusura nimnyang'anye karatasi. Akakata tena, chini zaidi. Daktari, na nampa heshima yake, alitazama upya, akaichana karatasi ya kwanza. Saratani ilikuwepo, ingali ndogo. Dada alipasuliwa mapema. Leo anauza vitenge mtaani Makiso na kunigombeza kila Jumapili.

Majibu yale yalibeba sahihi ya daktari peke yake. Tangu hapo, nikipewa karatasi yenye muhuri, najiuliza ni mkono gani uliitangulia, na kama ulipewa nafasi ya kusema "sijafika". Mashine mpya zije, tunazihitaji. Ila neno hilo lazima mtu alitamke, tena mbele ya mkubwa wake.

Juzi nilimpeleka dada kwenye matanga. Hakuwahi kuonana na mzee. Wanawake wa ukoo wakamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Dada akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka.

"Mimi sikumujua," akasema. "Yeye ndio alinijua, mpaka ndani."

Wakamsogezea kiti karibu na mjane.