Bati la Kumi na Mbili

Upepo uliong'oa paa la mdogo wangu ulikuja saa tisa mchana, saa ya heshima kabisa, kama mgeni aliyealikwa. Ulishuka kutoka milimani, ukaingia mtaani kwetu Kanyosha, ukachagua. Kwangu uliangusha ndoo. Kwake, nyumba ya tatu kutoka yangu, ulibeba paa zima ukalitupa kwenye mihogo ya watu, na tulipofika kuliokota, mabati mengi yalikuwa yameshaota miguu. Nilihesabu yaliyobaki. Matatu. Nikahesabu tena, labda nimekosea. Matatu, yote yamekunjwa kama chapati.

Basi mdogo wangu, mumewe na watoto wao wanne wakahamia kwangu, wakalala katikati ya marobota ya mitumba ninayouza sokoni. Mdogo wangu alikuwa na mimba kubwa. Hakulalamika. Alisema tu: "Dada, huyu wa tano mi nataka azaliwe chini ya paa yetu." Tukaanza kulitafuta hilo paa.

Mumewe alikuwa askari. Vita vilipokwisha walimwondoa jeshini, akarudi na goti bovu na cheo ambacho kartiye nzima, mtaa wetu wote, bado inamwitia: Afande. Ni mtu wa kupiga pasi suruali hata kama anakwenda kuchota maji. Nyumba ile aliijenga yeye, matofali alifyatua mwenyewe.

Chefu wa kartiye, kiongozi wetu, alitutuma ofisi ya zoni. Zoni wakataka barua. Tukapeleka, wakaisoma, wakasema ni barua nzuri, tungoje. Tulipochoka kungoja, jirani akatuambia kuna shirika, ofisi iko mtaa wa Kinindo, linasaidia askari wa zamani na familia zao walioharibiwa nyumba na dhoruba. Afande hakutaka.

"Kuna wajane," akasema. "Waanze wao."

Mdogo wangu alishika tumbo tu. Kesho yake Afande akapiga pasi shati, nikamsindikiza. Mlinzi wa pale, naye askari wa zamani, alimpigia saluti getini. Ndani walitupokea vizuri. Walisema mtu wao atakuja kuangalia: nyumba iliyoharibika kidogo hupewa mabati sita, iliyoharibika kabisa kumi na mawili.

Ya Afande ilihitaji kumi na mawili. Lakini kuta zilikuwa zimesimama, na hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu wa Kinindo akiona ukuta umesimama, atasema sita.

Nieleze kidogo kazi yangu. Sokoni kwetu mteja haombi kupunguziwa bei hivi hivi. Kwanza anaiponda nguo: kola imekwisha, rangi imekimbia, aliyeivaa alikufa nayo. Muuzaji naye anajibu neno kwa neno: kola mpya, rangi ya Ulaya, aliyeivaa alikuwa waziri. Ndivyo tunavyokutana katikati. Hakuna anayekasirika, kwa sababu kila tusi lina mtu wa kulijibu.

Aliyekuja kutoka Kinindo alikuwa dada mmoja kijana, mpole, viatu vyake vimejaa matope kabla hajamaliza kusalimia. Majirani wakakusanyika. Akapapasa ukuta.

"Kuta ni nzuri," akasema.

Nikaona sita.

"Nzuri wapi, madamu?" nikaanza. "Udongo mutupu! Ukikohoa hapa, unaanguka."

Afande akanigeukia. Sikumtazama.

"Na nani atajenga? Huyu? Goti lilishakufa. Kazi apana. Watoto wake mi ndiye nawalisha."

Majirani wakacheka kidogo, nami nikapata moto. Madamu alikuwa anaandika, na mimi sijawahi kumwachia mteja ambaye bado anasikiliza.

"Na usiku analia. Wallahi! Anapiga kelele kama mutoto, anaingia chini ya kitanda, muke wake anamutoa kwa kubembeleza."

Hilo mdogo wangu aliniambia mimi peke yangu, jikoni, tukichambua maharage.

Kicheko kilikatika. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nangoja jibu. Masikio yangu ya sokoni yalikuwa yanangoja mtu aseme: uongo, huyu ni mwanamume kamili, kuta hizi ni zake, tazama. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimeponda mali ambayo haikuwa na muuzaji. Afande alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kama yuko kwenye gwaride.

"Umemaliza, shemeji?" akauliza taratibu. "Ao kuna kasoro ingine umesahau?"

Madamu akafunga daftari lake.

Kumi na mawili yakaja. Niliyahesabu mara mbili yakishushwa. Afande alipanda juu mwenyewe, na goti lake lile nililolizika mbele za watu. Nikapeleka chai na mandazi. Mdogo wangu alipokea sinia, akaangalia mandazi badala ya kuniangalia mimi.

"Dada," akasema, "nilikuambia wewe."

Kutoka juu Afande akaniita.

"Shemeji! Hesabu."

Nikahesabu. Kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Juu ya jiko palikuwa wazi, wamefunika turubai, na bati moja limeegemezwa ukutani.

"Lile ni lako," akasema. "Komisyo ya dalali. Si ndivyo munafanya sokoni?"

"Afande, lirudishe juu. Mi sikutaka..."

"Kazi ulifanya nzuri. Mi peke yangu wangenipa sita."

Akaweka misumari mdomoni, akageuka.

Jioni nililikuta mlangoni kwangu. Nimelirudisha mara mbili, mara mbili limerudi. Mtoto alizaliwa, msichana, chini ya paa lao kama mama yake alivyotaka. Nilikwenda na sabuni na kitenge. Afande alinipa kiti kizuri, akaniuliza hali ya biashara, akaniita madamu.

Juzi mteja aliyefuata nguo nyumbani aliliona lile bati. Akauliza bei. Nikamwambia haliuzwi. Akadhani mchezo umeanza, akarudi nyuma hatua moja, akalikagua.

"Bati gani hili? Limepinda. Na hapa lina tundu."

"Halina tundu," nikasema. "Halijapinda. Ni zima. Limetoka kwenye nyumba nzuri, ya mutu muzima."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko bati. Mteja akaniangalia, akachukua mfuko wake, akaenda. Mvua ilikuwa inaanza. Kule nyumba ya tatu nilimwona mdogo wangu ametoka, mtoto mgongoni, anavuta turubai juu ya jiko.