Posa ya Mjomba Mnyoa Kondoo

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia. Mapinduzi yalipotokea Unguja meli yao ilikuwa mbali, na aliposikia habari akaamua kutorudi. Akashuka bandari moja ya Australia, akaingia bara, akanyoa kondoo miaka mingi kabla ya kuja kukaa na sisi hapa Hounslow, kwa Waingereza. Hayo ni ya kweli. Yanayobaki sina hakika nayo.

Kwa mfano, upepo. Mjomba anasema shamba alilofanyia kazi lilikuwa na upepo mkali hata mikasi hawakuihitaji. "Tunamfunga kondoo kwenye uzio, upepo unamnyoa ubavu huu. Tunamgeuza, unamnyoa ubavu wa pili. Kazi yetu ilikuwa kuyakimbiza manyoya tu." Anayasema hayo huku anamenya chungwa, uso mkavu kama anasoma taarifa ya habari. Ndege ikipita juu ya nyumba ananyamaza, kisu hewani, mpaka mlio uishe, kisha anaendelea palepale alipoachia.

Halafu nzi. Nzi wa huko walikuwa wengi hata wafanyakazi wakipumzika mchana kwenye kivuli chao. Siku moja nzi hao wakanyanyua sufuria ya mchuzi jikoni, wakaondoka nayo, wanyoaji wakaifuata kwa farasi. Walipoipata, mchuzi ulikuwa umeshaiva kwa jua. "Na ulikuwa mtamu," mjomba anasema, "maana mpishi wetu hakuugusa." Huyo mpishi hawakupatana kabisa. Mkate wake walikuwa wakinolea mikasi.

"Si ulisema mikasi hamkuihitaji?" mama alimuuliza.

"Siku zisizo na upepo, mdogo wangu."

Mimi nasikiliza tu. Nina miaka kumi na tano na sijui kuongea mbele ya watu. Mwalimu akiniuliza swali darasani masikio yanapata moto, na jibu ninalo. Mdogo wangu wa kiume humjibu mjomba kwa Kiingereza kwamba mambo hayo kisayansi hayawezekani, na mjomba humwambia kwamba sayansi ilikuwa haijafika kule, barabara ilikuwa mbaya.

Sasa, mjomba akampenda mjane mmoja wa kwetu, anayefanya kazi na mama eropoti, wanapakia vyakula vya abiria. Mjane anakaa kwa kaka yake, Neasden. Kaka mtu ni mtu wa ofisini, anavaa suti hata Jumamosi. Na huyo kaka alikuwa na kinyongo na mjomba.

Kinyongo chenyewe kilikuwa cha mwezi. Siku ya Idi, nyumbani kwetu, mjomba alisimulia kwamba lile shamba lilikuwa kubwa hata mwezi hauonekani siku moja. Mwanzo wa shamba watu wanakula Idi, mwisho wa shamba bado wamefunga. "Njaa ikikuzidi unapanda farasi, unahamia upande wa pili." Wote tulicheka isipokuwa kaka mtu. Yeye alitikisa kichwa kwa masikitiko, na wiki ile akaenda kulieleza jambo hilo msikitini kwao, kwa utaratibu mzuri, kama suala la kujadiliwa. Alipofika penye farasi, msikiti mzima ulikuwa umeinamia mazulia, mabega yanatikisika.

Kwa hiyo mama alipopiga simu kuuliza kama tunaweza kuja kuposa, jibu lilikuwa fupi. Tuje Jumapili, tule. Lakini mjomba likimtoka neno moja la uongo, moja tu, posa imekufa, na asithubutu kumsalimia tena mjane.

Kwa desturi, posa wanakwenda wazee, na muoaji anabaki nyumbani. Sisi wazee huku hatuna. Ikabidi mjomba aende kujiposea mwenyewe, na mama aliona haya njia nzima, tangu kwenye basi mpaka kwenye treni. "Usiseme upepo," akawa anamwambia. "Usiseme nzi. Ukiulizwa kitu, sema ndiyo au hapana."

"Na nikiulizwa jina?"

"Kaka!"

Mimi nilichukuliwa kubeba sahani ya halua.

Tukakaa mezani. Kaka mtu alianza kabla hata hatujanawa.

"Huko Australia ulikuwa unafanya nini hasa?"

"Kunyoa kondoo."

"Mkinyolea nini?"

Niliuona upepo unakuja usoni pa mjomba. Mama akamkanyaga mguu.

"Mashine," mjomba akasema.

"Hali ya hewa?"

"Joto."

"Na mkate mlikuwa mkipata? Mzuri?"

Mjomba alifumba macho. "Wa kawaida."

Nilimwonea huruma. Mjane alikuwa anaingia na kutoka na mabakuli, na kila akiingia anamtazama mjomba kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Kulikuwa na wali na kuku wa nazi, lakini upande wetu nani aliyekuwa anaonja?

"Na wanyama wengine?" kaka mtu akauliza, sasa amelegea kidogo.

"Ng'ombe. Mbwa. Ngamia."

Tonge la kaka mtu likasimama njiani. "Ngamia?"

"Wapo wengi, bwana. Wako jangwani huko, hawana mwenyewe."

"Ngamia, Australia?"

"Waliletwa zamani kubeba mizigo. Magari yalipokuja wakaachiwa, wakazaliana."

"Basi." Kaka mtu alirudisha tonge kwenye sahani, akamgeukia mama. "Nilisema neno moja. Nilisema au sikusema?"

"Wallahi wapo," mjomba akasema.

"Usimtaje Mungu mezani kwangu kwa ajili ya ngamia!"

Mama aliinamisha kichwa. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, na nikaona uso wake umeanguka. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anamtaka kweli.

"Ameapa," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya birika linaloanza kuchemka. Wote wakanigeukia. Masikio yangu ungeweza kupikia chapati.

"Umesema nini, mwanangu?" kaka mtu akauliza.

"Mjomba ameapa. Huwa haapi. Akisimulia vile vya kuchekesha hasemi wallahi, hata umlazimishe. Upepo hakuapa. Nzi hakuapa."

"Na mwezi?"

"Mwezi pia. Wewe mwenyewe, ami, ulimuuliza, 'Wallahi?' Akakwambia, 'Nipitishie sambusa.'"

Kaka mtu alitazama dari, anakumbuka. "Aliniambia nimpitishie sambusa," akasema polepole, na aibu yote ya msikitini ikampanda upya usoni. "Na mimi nikampitishia."

Mama akajifanya anakohoa.

Mjane akaja, akaweka jagi mezani, akamuuliza mjomba moja kwa moja: "Hao ngamia wako, jangwani wanakunywa nini?"

Mjomba alimtazama kaka mtu kwanza. "Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu, bibie."

Mjane akageuka. "Kaka, miye niliyemkubali aje ni yule anayesimulia. Huyu wa maji tu, mrudisheni Hounslow."

Kaka mtu alijifuta vidole, kimoja kimoja. "Haya," akasema mwishowe. "Mjibu."

"Kwa wallahi au bila wallahi?"

"Bila," kaka mtu akasema, haraka sana.

Mjomba alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Akaeleza kwamba ngamia mmoja alikunywa kisima chote cha shamba, na mwaka ule mvua ikakosekana. Ikabidi wanyoaji wamfunge bomba, na kila asubuhi wanapanga foleni mbele yake na ndoo zao. Ngamia akiwa na furaha, maji yanatoka baridi. Wakimuudhi, yanatoka ya moto, ndipo wanapopika chai. Kazi ya kumuudhi walimpa mpishi, kwa kuwa alikuwa na kipaji.

Mjane alivuta kiti akakaa, mara ya kwanza tangu tufike. Kaka mtu alikuwa bado amekunja uso, lakini amesogeza sahani pembeni na viwiko viko mezani.

"Na mvua iliporudi," akauliza, "mlimfanya nini?"

Mama aliniminya goti chini ya meza, kwa nguvu. Mtu anayekataa posa haulizi yaliyompata ngamia.