Niliambiwa Tusishuke

Jirani yangu anajenga. Wiki iliyopita lori lilimwaga mchanga wa mto mbele ya lango lake, mchanga mbichi, bado unachuruzika maji, na ile harufu ikanifuata hadi jikoni. Harufu ya mchanga uliolowa haifanani na ya udongo uliolowa. Ina ubaridi ndani yake, kama mtungi uliofunikwa muda mrefu. Nilifunga dirisha, nikaketi, na nikajikuta nina miaka kumi tena, nimesimama ukingoni mwa mto usio na maji, nimeshika daftari la baba.

Daftari hilo nalo lilikuwa na habari zake. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia kule Mbooni, na ugonjwa wake ulikuwa barabara. Alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua baada ya kujinyima miaka mingi, na kila alipokutana na dereva wa lori au mchuuzi wa mbuzi, alimhoji kuhusu njia za kaskazini mwa Kitui mpaka yule mtu akajuta kumsalimia. Kisha aliziandika na kuzipa alama, vile alivyosahihisha insha: njia rahisi, njia ya wastani, njia kali. Njia kali, alisema, ni ya watu wasio na watoto wala akili.

Mwaka huo safari yetu ya likizo ilikuwa na shabaha moja. Susu, nyanya yetu mzaa baba, alitaka kumwona mdogo wake aliyeolewa upande wa Tseikuru. Hawakuwa wameonana tangu kabla sijazaliwa. Magoti ya Susu yalikuwa yameanza kumkatalia, na mwenyewe alisema kwamba asipoenda safari ile hataenda tena. Alipanda gari na kiondo kilichojaa maparachichi na mbegu za maharagwe, na hakukubali kiwekwe nyuma na mizigo mingine.

Mama alitaka tufuate lami hadi Mwingi, kisha tushike barabara kubwa ya kwenda juu. Kawia ufike, alisema, na aliporudia mara ya pili baba akawasha gari. Tulisimama Migwani kunywa chai, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua daftari mezani, kati ya vikombe, akaniambia kwamba mimi ni kifungua mimba na nimefika umri wa kuchagua njia. Ndugu yangu Mutua, wa miaka sita, akasema tuchukue kali. Mimi nikachagua ya wastani, kwa uzito wa hakimu. Ilipita nyikani, ikakata mto mmoja wa mchanga, na kando yake baba alikuwa ameandika kwamba huko ngamia huonekana. Nilikuwa nimesoma habari za jangwa kitabuni, na kwangu safari ya jangwani bila ngamia haikuwa safari. Mama alitazama kikombe chake. Mimi nilijiona mtu mzima, na sijawahi kujipenda kama siku hiyo.

Njia ilianza vizuri. Vumbi jekundu, vichuguu virefu kuliko gari, miiba ikikwaruza milango. Lakini kadiri tulivyoendelea palikosekana kitu, na ilinichukua muda kujua ni nini. Hatukukuta mifugo. Kinyesi cha ng'ombe na mbuzi kilikuwa kibichi, nyayo zote zilikuwa zimeacha njia na kupanda vilimani, na hapakuwa na mnyama hata mmoja. Baba alisema wamepelekwa malishoni. Susu alishusha kioo, akavuta hewa, akakipandisha.

Tulifika mtoni saa saba mchana. Ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, mweupe, mkavu, maji yake yamelala chini ambako watu huyachimba kwa mikono. Juu yetu anga ilikuwa safi kabisa. Mbali sana, upande ule mto unakotoka, kulikuwa na utepe mweusi mwembamba chini ya mbingu. Jua likiwaka namna ile, nani angeujali?

Baba alichutama kupunguza upepo kwenye magurudumu ili yasizame. Mama alikuwa amempeleka Mutua kichakani. Nilikuwa peke yangu ukingoni na daftari la baba alipotokea mama mmoja akipanda kutoka mtoni, akimswaga punda aliyebeba jerikeni nne. Zilikuwa zikigongana, na kwa mlio wake nilijua ni tupu. Mtu anatoka visimani, na jerikeni zake ni tupu. Hakusimama. Alinisemesha kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Ambia baba yako asishuke. Huko juu kumenyesha."

Nikaitikia ĩĩ, yaani ndiyo, kwa adabu, kama nilivyofundishwa kuwaitikia wakubwa, naye akaenda zake. Mimi nikabaki nikipima. Nikisema, tutageuza, tutarudi kwenye lami, ngamia hakuna, na njia niliyochagua itapewa sifuri mbele ya Mutua. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa maana ya maneno yale, lakini nilikuwa mtoto wa Ukambani, na hakuna mtoto wa Ukambani asiyejua mto wa mchanga hufanya nini mvua ikinyesha mlimani.

Mama na Mutua walirudi wakapanda. Baba akasimama, akapangusa mikono.

"Twende?" akaniuliza.

"Twende," nikasema.

Tulizama katikati. Baba alikanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia, gari likakaa kwa tumbo. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani, kwa kifuniko cha sufuria. Kisha upepo wa baridi ukatupitia, katikati ya jua lile, na Susu, aliyekuwa bado ameketi ndani, akasema taratibu kwamba mvua iko njiani. Nilianza kulia. Mama alidhani ni jua, akanifunga leso kichwani. Hata hapo sikusema. Nilikuwa na hofu mbili, na kubwa ilikuwa ile ya kusema.

Yule mama alirudi. Alishuka ukingoni mbio, punda hana mzigo tena, na hakumsalimu mtu. Alisema yule mzee aliye garini atolewe. Yeye na baba wakambeba Susu wakampandisha punda, Susu akinyoosha mkono kuomba kiondo chake, na hakuna aliyerudi kukichukua. Tulikuwa ndiyo tumefika ukingoni tuliposikia sauti. Haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mawe na magogo yakisagana. Kisha mto ukatokea kwenye kona, kahawia, ukisukuma matawi na povu mbele, na mwanzoni haukuwa hata na haraka. Ulilamba magurudumu. Ukainua gari, ukaligeuza, ukalilaza ubavu, ukaondoka nalo. Susu alituhesabu kwa majina, akafika mwisho, akaanza upya.

Yule mama alinitazama. Nilingoja aniseme mbele ya watu wote. Alinipa kamba ya punda niishike, akaenda kumfunika Susu kwa leso yake.

Tulikaa kwake siku mbili mpaka njia ikapitika, kisha tukarudi Mbooni kwa magari ya watu. Mdogo wake Susu alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na Susu akamfuata bila wao kuonana. Kwa miaka mingi, kila jamaa walipokutana na habari ile ikaguswa, baba alisema neno lilelile, kwamba alichagua vibaya. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Nami nilitikisa pamoja nao.

Mwaka jana nilienda kumtembelea. Tulikuwa barazani tukichambua maharagwe, na bila kupanga nikamwambia yote: maneno ya yule mama, na lile ĩĩ langu. Nilijiandaa kwa hasira yake. Aliendelea kuchambua mpaka konzi ikaisha mkononi.

"Nilimwona akikuongelesha," alisema. "Nilikuwa nimechutama hapo kwa gurudumu. Nikaona jerikeni hazina kitu. Ningekuuliza, ungesema."

Nikamwuliza mbona hakuniuliza.

"Mama yako angeshinda na lami yake."

Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba sababu ndogo namna hiyo ni za watoto. Kumbe tulisimama wawili pale ukingoni, mtu mzima na mtoto, kila mmoja akiomba mwenzake asifungue mdomo, na Susu yuko garini anatuamini sote.