Chungu cha Chokaa cha Bazilio

Bazilio wa Makere alikuwa fundi mwashi, na ubishi wake ulikuwa mgumu kuliko matofali yake. Mwaka tisini na saba alichimba shimo nyuma ya zizi, akalijengea kuba, akalilisha samadi, akavuta mpira hadi jikoni. Gesi! Macho ya mkewe Esteri yalikuwa yameanza kufifia kwa moshi, na Bazilio aliogopa kweli, ingawa mbele za watu alijisifia ujenzi tu.

Moto wenyewe ulitia aibu. Uliwaka, ukasinzia, ukazimika. Esteri akacheka, akarudia kuni zake.

"Gesi yako nimekuachia, baba Divine. Ujipikie."

Bazilio akamfuata mwalimu mmoja wa kemia Kasulu. Huyo akamweleza kwamba karibu nusu ya gesi ile ni hewa ya ukaa, nayo haiwaki. Aipitishe kwenye maji ya chokaa, yatainasa, na inayowaka itapita. Chokaa, kwa mwashi? Akajaza chungu kikubwa, akaziba mdomo kwa majani ya mgomba na udongo, akachomeka mipira miwili: mmoja wa kuingiza gesi chini ya maji, wa pili wa kuitoa juu kuelekea jikoni. Chungu kikawa kinabubujika kutwa.

Jumapili wakaja wakwe kutoka Munanila kumposa binti yao Divine. Kuni zilikuwa zimelowa, basi Esteri, kwa shingo upande, akabandika maharage kwenye gesi.

Mzee Havyarimana, baba wa kijana anayeposa, aliketishwa uani karibu na chungu. Kinabubujika, kimezibwa kwa mgomba: nani angemwambia si pombe ya ndizi? Na kwao mzee wa posa ndiye wa kwanza kuonja. Akachomoa mpira wa jikoni, akachomeka mrija wake aliotembea nao, akavuta kwa heshima zote.

Alitema mpaka kofia ikaanguka.

"Mkwe, pombe gani hii? Mmeivundika na ukuta?"

Bazilio alitamani ardhi ipasuke immeze. Esteri akachomoka jikoni, mwiko mkononi, macho makavu bila chozi la moshi.

"Nani kanizimia moto wangu? Maharage yalibakiza kidogo tu!"

Miezi mitatu Esteri aliuita moto wa baba Divine; leo kauita wake. Bazilio akamsahau mkwe anayesukutua, akaurudisha mpira mahali pake kwa furaha.