Siku Nanasi Letu Lilipomrukia Hajji

Jamani, nichekeni tu, maana mpaka leo nikikutana na Hajji mjini Mbale mimi hutazama juu mlimani Elgon kana kwamba nimeona moto, na yeye hupita akitabasamu, jambo linaloniumiza zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni na shahada ya sayansi na biashara kwa pamoja (baba, askari magereza kule Jinja, aliwaambia wenzake kwamba mwanawe ameoa wake wawili, na kweli wake hao hawakupatana kichwani mwangu hata siku moja). Nambozo, binti wa Kigisu kutoka Nkoma, hapohapo Mbale, alisoma nami shahada hiyohiyo, ila kwake sayansi na biashara zilikaa nyumba moja kwa amani. Yeye swali likija hulijibu. Mimi swali likija hulikaribisha chai.

Tulinunua mananasi Budondo, karibu na Jinja, tukakamua juisi kwao Nkoma, na Hajji, mwenye duka la jumla, akakubali kuionja mbele ya wafanyabiashara wenzake baada ya sala ya Ijumaa. Akiipenda, ataiuza dukani kwake na sisi tumepata kazi. Asipoipenda, mimi narudi Jinja kumsaidia baba kusoma gazeti.

Nambozo aliniachia kazi moja tu: kuzichemsha chupa zikishafungwa. Basi nikaanza kuwaza. Sayansi ikasema chemsha, la sivyo itachacha. Biashara ikasema mteja hununua kwa pua kwanza, ukichemsha utaiua harufu ya nanasi. Nikawaza mpaka mkaa ukazimika, na kwa kuwa ulikuwa umezimika, nikaona hilo ndilo jibu. Chupa zikakaa chini ya bati, kwenye joto, hadi Ijumaa.

Siku yenyewe Hajji alikaa mbele, kanzu nyeupe kama karatasi. Nikahutubia kuhusu soko (kwa ufasaha, nilidhani), kisha nikafungua chupa. Paa! Kizibo kikagonga dari, povu likamrukia Hajji kifuani.

"Kijana, hiyo ni juisi ama bomu?" akauliza afande mmoja mstaafu aliyekaa mlangoni, na watu wakaangua kicheko.

Hajji akajipangusa polepole. "Si kitu, bwana. Kitu kizuri kina nguvu." Akachukua glasi niliyommiminia.

Pua yangu ilikuwa imeshajua. Harufu ile hakuna mtu wa Mbale asiyeijua. Lakini nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema, mtu ametoka msikitini sasa hivi. Na labda imechacha kidogo tu, na kidogo ni kiasi gani... Huku nawaza, glasi inapanda.

"Hajji, usinywe!" Nambozo alikuwa ameshafika, ameifunika glasi kwa kiganja. "Hii si juisi tena, baba. Imekuwa pombe."

"Basi ileteni huku," akasema afande, "mimi ni wa kanisani!"

Hajji hakucheka. "Binti, ulijua ukisema hivyo biashara imekufa?"

"Nilijua, Hajji."

Akanigeukia. "Na wewe, bwana, ulijua ni pombe?"

"Nilikuwa... bado nawaza."

Sasa Hajji ndiye aliyecheka, mpaka akashika ile kanzu iliyolowa. Kisha akamwambia Nambozo, "Nenda katengeneze nyingine. Siku utakayoniambia ni juisi, nitakunywa nimefumba macho."

Akatengeneza, Hajji akanywa, na juisi ile ikauzwa Mbale nzima mpaka ikavuka kwenda Jinja. Nambozo ndiye mkubwa wangu wa kazi sasa. Nilitegemea anifukuze, alinipa kazi ya kuchemsha chupa. Sijawahi kumsikia akiitaja Ijumaa ile, wala haniulizi kama nimechemsha. Anapita tu, anaigusa chupa moja, inamuunguza kidogo, anaendelea na safari zake. Nami mkaa ukianza kufifia, siwazi tena kitu: napepea.