Hostia Moja Iliyobaki

Jumapili iliyopita, hapa Nzuguni, kijana mmoja alipiga magoti kukomunika, na watu waliopanga foleni nyuma yake wakaguna. Mguno ule ulinirudisha kigangoni kwetu, mchana mmoja wa jua kali, kanisa likinukia vumbi na ubani.

Bibi alizoea kukomunika kwa ulimi, amepiga magoti. Mama, bintiye, alizoea kusimama na kukinga kiganja. Siku ile, njiani, walikuwa wamegombana.

“Mkono uliokamua mbuzi haumshiki Bwana,” alisema Bibi.

“Na ulimi uliosengenya je, mama?”

Mimi, mtoto bado, niliamini kila mmoja ana Yesu wake. Walipofika mbele, wa mwisho kabisa, ilibaki hostia moja, kile kimkate cheupe cha komunyo. Nikaganda, nikingoja kuona Yesu wa nani amekwisha. Padri akaivunja. Ule mlio mdogo ulinishtua kuliko radi. Nusu akamwekea Bibi ulimini, nusu akampa Mama kiganjani.

Sasa najua mapadri hufanya hivyo hostia zikipungua. Siku ile sikujua.

Kisha Bibi akashindwa kunyanyuka, magoti yamekataa. Akapapasa, akaushika mkono ule ule wa Mama, na hakuuachia mpaka nyumbani.